Chipu Inatoa Mkondo, Ampli Inataka Volti

Vijana wa Unguja na Pemba wanaojiundia wenyewe vifaa vya muziki wamekuwa wengi, na malalamiko yao yanafanana: "Nimenunua bodi ya DAC, nimeiunga kwenye ampli, mbona sauti haifiki, na ikifika imechanika?" Majibu ya barazani huja upesi. Mmoja atasema badilisha opampu, ile chipu ndogo ya kukuza umeme, tia ya bei kubwa. Wa pili atasema ing'oe kabisa, rezista moja, yaani kipande cha kuukinza mkondo, inatosha. Wa tatu atasema chipu za zamani za Philips ndizo zenye utamu, hizi mpya hazina kitu. Kila mmoja ana kipande cha ukweli. Tatizo ni kwamba wote wanaichanganya kazi ya chipu ya DAC yenyewe, inayogeuza nambari za muziki kuwa umeme, na kazi ya saketi ndogo inayoifuata, ile iliyokaa baina ya chipu na tundu la kuungia ampli, ambayo hugeuza mkondo kuwa volti.

Nitasema mapema ninachokisimamia. Saketi hii haikuwekwa kuitia sauti utamu. Ina wajibu wa mambo mawili: kuushikilia mguu wa chipu usiondoke kwenye sifuri, na kutoa volti inayolingana na mkondo unaoingia, bila kuongeza wala kupunguza. Mtu akiyafahamu hayo mawili, mabishano mengi hujijibu yenyewe.

Tuanze chini kabisa. DAC ni kigeuzi kinachopokea nambari na kutoa umeme unaopanda na kushuka kwa kufuata wimbi la sauti. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hubeba nambari 44,100 kila sekunde kwa kila chaneli. Kila nambari ina biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri au moja, kwa hivyo inaweza kuangukia ngazi yoyote kati ya ngazi 65,536. Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya, na tunaupima kwa ampia. Kwenye chipu hizi ni miliampia chache tu. Volti ndiyo inayousukuma. Ukinzani, unaopimwa kwa omu, ni ugumu wa njia. Kanuni inayoviunga vitatu hivi ni ile ya skuli: volti ni mkondo mara ukinzani. Miliampia moja ikipita kwenye omu 1,000, unapata volti moja. Hesabu nyingi zilizomo humu zinatokana na hiyo.

Ampli za nyumbani hutarajia kupokea karibu volti 2 kutoka kwenye mashine ya CD. Hizo ni volti za wastani wa nguvu. Ukipima kutoka kilele cha juu mpaka cha chini unapata kama volti 5.7. Hilo ndilo lengo letu.

Sasa, kabla hujagusa pasi ya kuchomea, hakikisha kwanza kwamba chipu yako inatoa mkondo kweli. Si zote. PCM5102A, ambayo imejaa kwenye bodi za bei nafuu, inatoa volti moja kwa moja, 2.1 kamili, tayari kwa ampli. AK4490 nayo inatoa volti. Anayetafuta "saketi ya kugeuza mkondo" kwa ajili ya PCM5102A anatafuta dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Zinazotoa mkondo ni kama TDA1541A na TDA1543 za Philips, AD1862 ya Analog Devices, na PCM1704 na PCM1794A za Burr-Brown. Waraka wa kiwanda unasema wazi. Tafuta kama pato, yaani umeme unaotoka, limeandikwa kwa miliampia au kwa volti.

Kwa nini mtengenezaji atoe mkondo wakati dunia nzima inataka volti? Kwa sababu ndani ya chipu mkondo ni rahisi kujumlishwa. Chukua TDA1541A, ambayo nitaitumia kama mfano mpaka mwisho kwa kuwa ndiyo inayozungumzwa zaidi. Ndani yake mna vyanzo vya mkondo vilivyopangwa kwa nusu nusu: miliampia 2, kisha 1, kisha nusu, kisha robo, mpaka biti ya 16 ambayo haizidi nanoampia 61. Biti ikiwa moja, chanzo chake kinaelekezwa kwenye pato; ikiwa sifuri, kinaelekezwa kwengine. Mikondo ikikutana kwenye waya mmoja inajumlika yenyewe. Jumla yake ni kutoka sifuri mpaka miliampia 4.

Hapa niseme jambo moja kuhusu zile kapasita (vihifadhi vidogo vya umeme) 14 za nanofaradi 100 zinazoizunguka chipu hii. Philips walivisawazisha vyanzo vya ndani kwa kuvibadilisha nafasi mfululizo ili makosa ya kimoja yafutwe na ya chengine, na kapasita hizo ndizo zinazolainisha alama ya mabadiliko hayo. Nimeona bodi ambazo mtu amezipunguza ili aokoe nafasi, kisha akashughulika na opampu. Ukiharibu huko nyuma, hakuna hatua ya mbele itakayokurejeshea.

Tuje kwenye njia ya mkato, yaani rezista peke yake. Unaunga rezista kutoka mguu wa pato mpaka kwenye ardhi ya saketi, yaani waya wa sifuri, mkondo unapita, volti inazaliwa. Kwenye karatasi inapendeza: miliampia 4 mara omu 1,400 ni volti 5.6, umemaliza kazi kwa rezista moja kwa kila chaneli. Wanaoitetea husema rezista ni kitu safi, hakina cha kuiharibu sauti.

Rezista ni safi kweli. Anayeharibika ni chipu. Waraka wa TDA1541A unataka volti kwenye mguu wa pato isizidi milivolti 25 juu au chini ya sifuri. Ukivuka hapo, swichi za ndani hazigawanyi tena mkondo kama zilivyokusudiwa, na ngazi zile 65,536 hazibaki sawa. Unayoisikia kama sauti iliyochanika ni hiyo. Ukitaka kuheshimu mpaka huo kwa rezista pekee, na mkondo ukiwa umefidiwa, kwa njia nitakayoieleza mbele, ili uende miliampia 2 kila upande badala ya sifuri mpaka 4, rezista haiwezi kuzidi omu 12.5. Utapata milivolti 50 kutoka juu mpaka chini, kisha utalazimika kuzikuza mara 114 hivi ili zifike volti 5.7. Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo kwa taa za valvu au kwa transfoma ndogo ya kupandisha. Lakini yule aliyetaka kukwepa saketi ameishia na saketi kubwa zaidi, tena inayokuza kila uvumi (kelele ya umeme) ulioko njiani. TDA1543 ni mvumilivu zaidi katika jambo hili, na ndiyo sababu utaiona kwenye bodi za bei rahisi ikiwa na rezista tu. Ushauri unaofaa kwa TDA1543 haufai kwa TDA1541A, hata kama majina yanakaribiana.

Opampu inaingia hapa, na kazi yake inafahamika vyema zaidi kwa mizani ya vitanga viwili ya kupimia karafuu. Karafuu inamiminwa kwenye kitanga kimoja. Mpimaji amekaa upande wa pili na mawe yake, anaongeza na kutoa, na sharti lake ni moja: fimbo ya mizani isiinuke wala isilale. Anayetaka kujua uzito haitazami karafuu, anahesabu mawe. Opampu ndiye mpimaji huyo. Mguu wake mmoja wa kuingilia umeungwa kwenye ardhi, ndiyo sifuri ya kulinganishia. Wa pili umeungwa kwenye pato la chipu. Rezista ya marejesho inatoka kwenye pato la opampu na kurudi kwenye mguu huo huo wa pili. Mkondo wa chipu ukitaka kuuinua mguu huo, opampu inaliteremsha pato lake mpaka mguu urudi sifuri. Mkondo ukitaka kuuteremsha, pato linapanda.

Kwa kuwa miguu ya kuingilia ya opampu hainywi mkondo wa kuhesabika, njia pekee iliyobaki kwa mkondo wa chipu ni kupita kwenye rezista ya marejesho. Hivyo volti ya pato inalazimika kuwa mkondo mara rezista hiyo. Tia omu 1,500: miliampia 4 zinakupa volti 6 kutoka juu mpaka chini, sawa na volti 2.1 za wastani wa nguvu. Ampli imeridhika. Na chipu, kwa upande wake, haikuona chochote. Inamwaga mkondo wake mahali ambapo volti haipandi. Mambo mawili yaliyokuwa yanagombana kwenye rezista pekee, yaani volti kubwa kwa ampli na volti ndogo kwa chipu, yametenganishwa. Ukiniuliza ni kipi kizuri zaidi katika somo hili zima, nitakuambia ni hichi.

Je, opampu ya kawaida inaweza kuishikilia fimbo vizuri kiasi gani? Tupige hesabu badala ya kubishana. NE5532, ambayo imo kwenye mixa nyingi za studio na za maharusini, ina uwezo wa ukuzaji unaoshuka kadiri masafa yanavyopanda, na hufika moja kwenye megahezi 10 hivi. Kwenye kilohezi 20, ukomo wa juu wa sikio la binadamu, bado inakuza kama mara 500. Ukinzani ambao chipu inauona kwenye mguu wake ni rezista ya marejesho igawanywe kwa ukuzaji huo: 1,500 kwa 500, yaani omu 3. Miliampia 2 mara omu 3 ni milivolti 6. Mpaka ulikuwa 25. Kwa sauti za chini zaidi, kama ya mwimbaji au ya udi, hali ni bora mara nyingi zaidi. Opampu ya bei ya chini imepita mtihani uliowekwa na kiwanda cha chipu.

Atakayebisha atasema: muziki hautoki kwenye chipu ukiwa laini, unatoka kwa kuruka kutoka ngazi hadi ngazi, na miruko hiyo ina masafa ya juu sana. Hoja hii ni ya kweli na inastahili jibu la kweli. Sampuli mpya ya CD inakuja kila baada ya maikrosekunde 22.7, lakini mruko wenyewe unakamilika kwa chini ya maikrosekunde moja. Ni kama karafuu iliyomwagwa kwa kishindo: mpimaji hawezi kutia mawe upesi kiasi hicho, na kwa muda mfupi fimbo italala. Kwa hoja hii hii ndiyo watu huuziwa opampu zenye mbio za volti mia kadhaa kwa kila maikrosekunde.

Lakini kuna kitu kidogo kinachofanya kazi hiyo kwa bei ndogo zaidi, nacho ni kapasita inayowekwa sambamba na rezista ya marejesho. Sema ni nanofaradi 2.2. Mruko wa ghafla unapofika, mkondo wake unaingia kwenye kapasita kwanza, na pato halilazimiki kuruka. Linapanda kwa kadiri kapasita inavyojaa. Hesabu yake ni mkondo ugawanywe kwa kapasita: hata mruko mkubwa kabisa wa miliampia 4 hauwezi kulidai pato zaidi ya volti 1.8 kwa maikrosekunde. NE5532 ina volti 9 kwa maikrosekunde. NE5534, opampu nyengine, iliyofungwa breki yake (nitaieleza mbele) ina 6. Zote mbili zina akiba ya kutosha. Aliyeiacha kapasita hii nje, kisha akanunua opampu ya mbio, amelipa pesa kutatua tatizo alilolitengeneza mwenyewe.

Kapasita hiyo ina kazi nyengine pia, ya kuchuja. Ikiungana na omu 1,500 inaanza kukata kwenye kilohezi 48, na hivyo inapunguza takataka za masafa ya juu ambazo kila DAC huziacha. Gharama yake kwenye kilohezi 20 ni upungufu wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 0.7, na ukishusha mpaka nanofaradi 1 upungufu ni desibeli 0.15 tu, ingawa mchujo nao unakuwa mwepesi zaidi. Mimi hupendelea iliyo kubwa kama chipu haina kichujio cha dijitali mbele yake. Aina ya kapasita ina maana hapa kuliko jina la opampu: tumia ya polipropilini (plastiki), au ya kauri yenye alama ya C0G. Zile za kauri zilizoandikwa X7R hubadilisha ukubwa wao kadiri volti inavyobadilika, na kitu kinachobadilika kwa kufuata muziki, kikiwa ndani ya njia ya muziki, kinaupotosha.

Wapo wanaoiacha opampu na kutumia transista, yenye miguu mitatu: emita, besi na kolekta. Mkondo unaingizwa kwenye emita ya transista ambayo besi yake imeshikiliwa mahali pamoja, unatokea kolekta, na huko ndiko rezista kubwa inakozaa volti. Hakuna marejesho, kwa hivyo hakuna wa kuchelewa. Ukinzani wa kuingilia ni milivolti 26 kugawanya kwa mkondo wa transista. Ikipewa miliampia 5 ni kama omu 5, na mguu wa chipu unabaki ndani ya mpaka. Ni njia nzuri kwa mwenye subira, kwani ukinzani huo nao unahama mkondo ukihama, na kupata sifuri sahihi kwenye pato kunahitaji marekebisho. AD844 ni opampu yenye tabia ya aina hii. Sifa zake zinavuma sana, lakini mguu wake wa kuingilia una omu 50 hivi. Miliampia 2 mara 50 ni milivolti 100, mara nne ya inachokivumilia TDA1541A. Ndiyo sababu wajuzi wanaoitumia huziunga nne kwa pamoja, moja juu ya nyengine, ili omu 50 ziwe 12.5. Anayetia moja tu kwa sababu ameona picha ya mwenziwe hajui nambari iliyomfanya mwenziwe azirundike.

Sasa suala la kubadilisha opampu, ambalo ndilo linalokula pesa za vijana wetu. Opampu nyingi zina miguu minane na zinaingia kwenye soketi moja, lakini hazikupangwa sawa. NE5534 ni moja ndani ya kasha: umeme chanya unaingia mguu wa 7 na pato ni mguu wa 6. NE5532 ni mbili ndani ya kasha: umeme chanya uko mguu wa 8, na mguu wa 7 ni pato. Ukichomeka NE5532 mahali pa NE5534, umepeleka volti za umeme moja kwa moja kwenye pato. Ukinusa moshi, sababu ni hiyo.

Hatari ya pili haitoi moshi, na kwa hivyo inadanganya. Opampu ya mbio, ikiwekwa kwenye bodi yenye njia ndefu na bila kapasita za nanofaradi 100 karibu na miguu yake ya umeme, inaweza kuanza kutetema yenyewe kwenye megahezi kadhaa. Husikii mtetemo huo. Unachokisikia ni sauti iliyobadilika, na ukiigusa kasha ni moto. Wapo waliosifu "joto" la sauti ya opampu mpya wakati kilichokuwa na joto ni opampu yenyewe. NE5534 nayo ina sharti lake: haikutengenezwa kusimama imara pale ukuzaji unaposhuka mpaka moja, na katika saketi yetu, kwa sababu ya kapasita ya marejesho, huko ndiko unakofika kwenye masafa ya juu. Tia pikofaradi 22 baina ya mguu wa 5 na wa 8. Hiyo ndiyo breki niliyoitaja.

Na kuna kosa la masikio. Fundi akibadilisha opampu na papo hapo akabadilisha rezista ya marejesho kutoka omu 1,500 kwenda 1,600, sauti imepanda desibeli 0.56. Hautaiita kubwa zaidi. Utaiita wazi zaidi, yenye uhai zaidi, kwa kuwa sikio huipokea sauti iliyoongezeka kidogo kama sauti iliyo bora. Kama unalinganisha, pima kwanza volti ya pato kwa toni moja ile ile mpaka zilingane, kisha mwenzio abadilishe bila wewe kuona. Chagua taarabu iliyorekodiwa vizuri ambayo kanuni na fidla kadhaa zinapiga kwa pamoja. Sauti za juu nyingi zikikutana, hatua mbovu huzaa ukungu baina yake ambao haumo kwenye ala yoyote. Rekodi za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, ni hazina yetu, lakini hazifai kwa mtihani huu. Sahani za santuri za zama zile hazikubeba masafa ya juu tunayoyatafuta.

Limebaki suala la volti tuli, yaani volti isiyopanda wala kushuka na muziki, na hili nalipa uzito kwa sababu linaweza kuunguza spika. TDA1541A inakwenda kutoka sifuri mpaka miliampia 4, upande mmoja tu. Muziki ukinyamaza, inakaa katikati, miliampia 2. Hizo zikipita kwenye omu 1,500 zinaacha volti 3 tuli kwenye pato. Tiba yake ni kuuletea mguu wa chipu miliampia 2 kutoka kwengine ili zifidiane. Kwa kuwa mguu umeshikiliwa kwenye sifuri, hesabu ni nyepesi: kutoka kwenye umeme wa volti 5, rezista ya omu 2,500 inaleta miliampia 2 sawasawa. Umeme huo uwe safi, kwani uvumi wake unaingia njia moja na muziki.

PCM1794A ina mapato mawili kwa kila chaneli, yanayokwenda kinyume, na kila moja lina miliampia 6.2 tuli. Kwa rezista za omu 750 zilizomo kwenye mchoro wa kiwanda, kila upande unabeba volti 4.65 tuli. Kila pato lina opampu yake, na opampu ya tatu inafanya hesabu ya kutoa, upande mmoja ukiondolewa kwenye mwengine: volti tuli zinafutana, muziki unabaki. Anayechukua upande mmoja tu "kwa kurahisisha" anaipelekea ampli volti 4.65.

Kapasita ya pato inaziba volti tuli iliyobaki. Maikrofaradi 2.2 kwenye ampli ya omu 10,000 inakata kuanzia hezi 7, chini ya ngoma yoyote utakayoipiga. Kapasita ya polipropilini ya kawaida inatosha. Bei ya zile za mafuta na fedha sijaona kipimo kinachoihalalisha.

Umeme wa saketi hii unahitaji pande mbili, chanya na hasi. Wengi hunakili volti 15 kila upande, wakitumia transfoma ya 15-0-15 na vidhibiti vya volti vya 7815 (chanya 15) na 7915 (hasi 15). Transfoma hiyo inatoa kama volti 20.5 kileleni kila upande baada ya daiodi, zile zinazougeuza umeme wa ukutani kuwa DC, na 7815 inahitaji angalau 17 ili ifanye kazi yake. Volti 230 za ukutani zikishuka kwa asilimia 15 jioni, jambo ambalo wakaazi wa mwisho wa laini wanalijua, baada ya daiodi zinabaki kama 17.3 kileleni, na baina ya vilele zinateremka chini ya 17. Kidhibiti kinashindwa, na mngurumo wa hezi 100 unaingia kwenye sauti. Kijana anabadilisha opampu, mngurumo upo pale pale, asubuhi haupo. Tia 7812 na 7912 kwenye transfoma ile ile. Pato letu halizidi volti 3 kila upande kama umetia miliampia 2 za kufidia, kwa hivyo volti 12 zinatosha.

Hewa ya chumvi nayo ina sehemu yake. Soketi za bei rahisi zinashika kutu ya kijani ndani ya miezi, na mguu wa opampu uliolegea unatoa mikwaruzo inayofanana na chipu mbovu. Ukishachagua opampu, ichomee moja kwa moja kwenye bodi, safisha mabaki ya dawa ya kuchomea kwa spiriti, na upake vanishi ya saketi juu yake.

Kisha pima kabla hujaunga ampli. Mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye ardhi ya saketi, nyekundu kwenye mguu wa pato wa chipu, bodi ikiwa imewashwa na hakuna muziki. Unatarajia milivolti chache tu. Ukisoma milivolti mia kadhaa, opampu haijaushikilia mguu: rezista ya marejesho haikushika risasi ya kuchomea, au upande mmoja wa umeme haufiki, au umechomeka ya moja mahali pa mbili. Usiendelee mpaka usomaji huo ushuke. Baada ya hapo hamia kwenye pato la opampu, kabla ya kapasita. Kama miliampia 2 za kufidia zimeingia sawa, nako utasoma karibu na sifuri, na ukisoma volti 3, rezista ya omu 2,500 ndiyo ya kuangaliwa.